Jicho Jeupe la Mitaine

Exilda Soucy alichambua viazi kwa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sijasikia kiazi kibovu kilichompita. Alikuwa akisimama mwisho wa mkanda unaopitisha viazi, kwenye ghala la chini karibu na reli, aproni ya mpira ikimfika kwenye vifundo vya miguu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukiokota kabla wewe hujaona kitu cha kuokota. Nilipoanza kazi pale, msichana wa miaka kumi na sita mwenye mdomo mkubwa, alinisimamisha kando yake akaniambia, "Wewe Normande wa Rosaire, ukikitazama kila kiazi utapofuka. Tazama mkanda mzima. Kibovu kitajitokeza chenyewe."

Rosaire ni baba yangu. Ndivyo tunavyoitana huku, maana akina Normande tuko wanne kwenye barabara moja. Exilda sote tunamwita shangazi, na hana mpwa hata mmoja.

Hakuolewa. Wanaume wawili walimtaka. Wa kwanza alikuwa mlevi, wa pili alikuwa na mama. Aliishi na mdogo wake, Delima, katika nyumba ya baba yao, ile ya kijani juu ya kilima ambayo ukisimama kwenye baraza yake unaona mto, na ng'ambo ya mto unaona Kanada. Exilda alikuwa mgumu kama msumari. Delima, aliyefua mashuka ya hospitali ya watawa maisha yake yote, alikuwa laini kama unga uliochachuka. Walikwenda kila mahali pamoja, Exilda mbele, Delima hatua kumi nyuma akihema na kuita, "Zilda, nisubiri!" Na Exilda, bila kugeuka: "Haya, harakisha!" Tangu utoto hadi uzee. Kijiji kizima kilikuwa kikiwaiga.

Delima alipoanza kuugua alikwenda kwenye duka la chakula cha mifugo akarudi na simbilisi ndani ya sanduku la viatu. Simbilisi ni mnyama wa ukubwa wa mkate, hana mkia, hana shingo, na hana kazi. Huyu alikuwa wa kahawia na mweupe, na Delima akamwita Mitaine, yaani glavu, kwa sababu alipojikunja pembeni ungesema mtu kaangusha glavu yake ya sufu.

"Hatagi, hakamuliwi, hakamati panya," alisema Exilda. "Anakula tu. Tungemleta mjomba Onias akae hapa, ingekuwa yaleyale."

Delima alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, mwezi wa pili. Ardhi ilikuwa imeganda, kwa hiyo kama wengine wote wanaokufa mwezi huo alikaa kwenye chumba cha mawe nyuma ya kanisa, akingoja barafu iachie ili azikwe mwezi wa tano. Kabla ya kukata roho hakuzungumzia nyumba wala shamba. Alimshika Exilda kidole akasema, "Mitaine usimwache afe hovyo." Exilda akasema hatamwacha. Na Exilda akishasema, amesema.

Basi wakabaki wawili, mwanamke ambaye leo ana miaka sabini na mmoja, na kile kiglavu. Mimi nilikuwa nikipita pale karibu kila siku nikitoka ghalani, na sikuzote mnyama yule alinitia kichefuchefu kidogo. Hulala macho wazi. Unamtazama, anakutazama, kumbe kalala. Na akiwa anajisafisha, macho humtoka maji meupe kama maziwa, akayachukua kwa vikono vyake akajipaka usoni kote, kama mwanamke anayejipaka losheni. Daktari wa mifugo aliniambia baadaye kwamba ndivyo walivyoumbwa. Sawa. Kuna mengi yaliyoumbwa ambayo nisingependa kuyaona nikinywa kahawa.

Sasa niseme habari ya maji.

Huku kwetu kuna maji ya Pasaka. Siku ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, unakwenda kwenye maji yanayotembea, unachota ukielekeza ndoo kule maji yanakotoka, unarudi nyumbani. Maji hayo hayaozi mwaka mzima, na yanaponya, hasa macho. Lakini tangu unapotoka mlangoni hadi unapoingia tena, husemi neno. Huguni, huimbi, hugeuki nyuma. Ukisema hata "aa," unayamwaga palepale na kurudi na ndoo tupu, na mwaka huo hakuna maji. Wengi wameacha. Exilda hakuacha. Amechota tangu ana miaka kumi na tatu, kwenye kijito kilicho nyuma ya kinu cha zamani, na kila Pasaka baada ya misa watu hupanda kilima na chupa zao. Padri hujifanya haoni magari.

Mimi siamini. Lakini chupa yangu huwa naichukua. Vumbi la viazi linauma macho, na tone moja asubuhi halijamuua mtu.

Pasaka ya mwaka huu theluji ilikuwa bado inafika magotini. Nilipokwenda na chupa yangu Exilda alinijazia bila kunitukana, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Nilidhani ni uchovu.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu ghalani, jambo asilolifanya.

"Normande, ukitoka huko pita hapa. Mitaine analia kwa jicho moja."

Nikapita. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, ukope umegandana kwa ukoko wa manjano, na manyoya ya shavu yamelowa. Alikuwa amekaa kwenye kona ya kizimba chake jikoni, amejituna kama mpira.

"Mpeleke kwa daktari wa mifugo," nikasema.

"Saa nzima ya njia, kwa ajili ya simbilisi?"

"Saa nzima ya njia. Mimi ndiye nitakayeendesha, wewe utakaa tu na kunilaumu."

"Nina maji," akasema. Na mbele yangu akachukua gudulia kutoka dirishani, akachovya kitambaa, akalilainisha jicho lile, kisha akadondosha matone matatu ndani. Mitaine akapiga ukelele mkali kama filimbi. Tone la nne Exilda alilimwaga nje ya jicho. Ule mkono wa kushoto, ambao sikuwahi kuuona ukikosea.

Siku tatu baadaye jicho lilikuwa la buluu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Nikasema tena daktari. Akasema maji hayajafanya kazi yake bado. Nikasema labda yameifanya. Akaniambia niende nyumbani nikampikie mume wangu, kama bado ninaye.

Jumamosi mchana nilipanda kilima na bakuli la mchuzi wa kuku. Jua lilikuwa kali, theluji ya paa ilikuwa ikidondoka pande zote za nyumba. Nilipofungua mlango nikasikia ndege. Ndege kabisa, kama wale wanaoimba kwenye miti kabla ya kupambazuka, sauti nyembamba, kavu, isiyopumzika. Nikadhani shomoro ameingilia dohani. Nikatazama juu ya kabati, juu ya pazia.

Alikuwa Mitaine. Amesimama katikati ya kizimba, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, mwili umekakamaa kama umechongwa kwa mti. Mdomo haukufunguka, koo tu lilikuwa likipigapiga. Jicho la kushoto lilikuwa wazi sasa, jeupe pepe, jeupe kama ganda la yai, na alikuwa amelielekeza kwenye kona ya jiko, ambako hakuna kitu ila kiti kitupu cha Delima. Nimezoea kumsikia akipiga miluzi ya njaa. Ule haukuwa mluzi. Ulikuwa wimbo, na ulikuwa ukiimbiwa mtu.

Exilda alikuwa ameketi mezani, mikono mapajani. Mbele yake zilikuwa ploye zake, zile chapati za unga wa njano zinazopikwa upande mmoja tu, sahani nzima, zimepoa, hajagusa hata moja.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu jana. Anaimba, ananyamaza, anaimba."

"Anakula?"

"Hali."

Wimbo ukakatika kama uzi. Mitaine akajitikisa, akarudi kwenye kona yake. Nikaweka mchuzi mezani. Mwili ulinisisimka hadi kwenye nyayo, na nikiogopa huwa nakasirika, basi nikakasirika.

"Shangazi Exilda, mimi nimekuvumilia. Una kitu. Umekuwa nacho tangu Pasaka. Kiteme, au nakibeba hiki kizimba na kukitia kwenye gari sasa hivi."

Exilda akaivuta sahani. Alianza kuzikunja zile ploye, moja moja, kama anayekunja leso.

"Nilikuwa nimeshachota," akasema. "Ndoo imejaa. Nimegeuka kurudi. Kulikuwa kimya, unajua kimya cha theluji. Basi nikasikia nyuma yangu, kule majini, 'Zilda, nisubiri.'"

Nikaketi mbele yake.

"Nikajibu."

"Ukajibu nini?"

"Unafikiri nilijibu nini? Miaka sabini nimekuwa nikijibu neno hilohilo. Kinywa kilijibu kabla mimi sijakumbuka kwamba amekufa. 'Haya,' nikasema, 'harakisha.'" Akaisukuma sahani. "Nikamwambia aharakishe, Normande. Nimemwita mwenyewe."

"Na maji?"

"Ningeyamwaga. Ndiyo sheria. Lakini nikafikiria watu wanapanda kilima na chupa zao, nami nitoke mlangoni niwaambie nini? Kwamba Exilda Soucy kafungua mdomo? Miaka hamsini na minane sijafungua mdomo. Nikayaleta nyumbani. Nikawapa."

"Na mimi umenipa!"

"Na wewe nimekupa."

Naapa macho yote mawili yalianza kuniwasha palepale. Nilikuwa nimejitia kila asubuhi kwa wiki tatu.

"Anamchukua," akasema Exilda, polepole, kama anayeeleza bei ya kitu. "Delima. Alimtaka mnyama wake. Ameanza na jicho. Atamchukua kidogokidogo, na mimi niliahidi hatakufa hovyo, na sasa nimeufungua mlango mwenyewe."

"Basi tumwahi kabla hajachukua kingine," nikasema. "Vaa koti."

Daktari alikuwa binti mrefu aitwaye Hathaway, mtu wa kusini, aliyehamia kwetu miaka miwili iliyopita na bado anavaa viatu visivyofaa kwa tope. Alifungua kliniki siku hiyo kwa ajili yetu, kwa hiyo simsemi vibaya. Alimweka Mitaine juu ya taulo, akamtia jichoni tone la rangi ya machungwa, akazima taa ya chumba, akawasha kitochi cha mwanga wa buluu.

Ndani ya giza lile jicho likawaka. Kijani. Kijani kibichi kinachong'aa kama jicho la kitu kinachokutazama kutoka mwituni, na katikati yake shimo, na kingo za shimo zinameremeta. Exilda alinishika mkono kwa nguvu hadi nikaona alama zake kesho yake.

"Rangi inashika palipo na kidonda," akasema daktari. "Kioo cha jicho kimechimbika chote. Hapa kimekwishatoboka." Akakunja ukope kwa kibano kidogo, akavuta, akavuta tena, na kikatoka kitu chembamba chenye miiba, kirefu kama kucha. Punje ya nyasi kavu. "Hiki ndicho kilichoanza. Kilikuwa nyuma ya ukope. Kingetolewa siku ya kwanza, jicho lingepona. Mmekuwa mkimtia nini?"

Exilda Kiingereza anakijua vizuri sana, lakini akiwa na aibu hakijui. Akanitazama mimi.

"Maji," nikasema.

"Maji gani?"

"Ya kijito. Yamekaa dirishani, jikoni, wiki tatu."

Daktari Hathaway alifumba macho kidogo. Hakutukana. Ningependa angetukana. "Yalikuwa na vidudu," akasema, "na kidonda kilikuwa wazi. Jicho halitabaki. Nisipolitoa leo, ugonjwa utaingia kichwani. Na wanyama hawa ni dhaifu sana kwenye dawa ya usingizi. Siwaahidi."

"Mwulize," Exilda akaniambia kwa lugha yetu, "akishalitoa, jicho linakwenda wapi?"

"Shangazi, jamani."

"Mwulize."

Nikamwuliza. Daktari akasema hutupwa, huchomwa pamoja na mengine.

"Mwambie nalitaka."

Hapo nikaona daktari anatupima, mimi na Exilda, kama anayejiuliza ni yupi wa kumwitia polisi. Nikamwambia, "Mpe tu, daktari. Huku kwetu kila mtu ana lake." Na baada ya saa mbili na nusu, nilizozipitisha nikisoma gazeti la minyoo ya mbwa, alitoka na Mitaine ndani ya taulo, yuko hai, upande mmoja wa uso umenyolewa na kushonwa nyuzi nyeusi tano. Na kichupa kidogo, kimefungwa kwa plasta, ambacho sikukitazama.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Jicho si hatari tena. Hatari ni tumbo. Simbilisi asipokula siku moja anaanza kufa. Mtamlisha huu uji wa nyasi kwa bomba la sindano, pembeni mwa mdomo, kila saa nne, hadi atakapotafuna nyasi mwenyewe. Asipotafuna mwenyewe kwa siku nne, nileteeni, lakini msitegemee mengi."

Njiani Exilda hakunilaumu hata mara moja kwa jinsi ninavyoendesha. Tulipofika aliketi kwenye simu na daftari la namba, akapiga nyumba ishirini na tatu. "Maji ya mwaka huu yameharibika. Yamwage. Kosa ni langu." Hakueleza, na aliyemwuliza alikatiwa simu. Ludger wa Camille alitaka kujua kama tarehe ya kuharibika imeandikwa chini ya chupa. Nilisikia jibu alilopewa na sitalirudia hapa. Hakuna mtoto aliyekuwa ameumia, hakuna jicho lingine lililogeuka jeupe. Lakini nilimwona uso alipolifunga lile daftari. Mtu akifukuzwa kazi anakuwa na uso ule.

Jumapili alfajiri tulikwenda kijitoni, yeye na gudulia na kile kichupa, mimi na chupa yangu, kumpelekea Delima kile alichokuja kukichukua. Kwenye mlango alinipa masharti. "Usiseme. Usigeuke. Lolote utakalosikia, wewe nenda."

"Mimi? Nisiseme?"

"Jaribu mara moja maishani."

Kulikuwa na baridi ya kukata. Theluji ya juu ilikuwa imeganda usiku, kila hatua ikavunjika kama sahani. Nyuma ya kinu maji yalikuwa yamejaa, meusi, yakipita na vipande vya barafu. Exilda alipiga magoti, akamwaga gudulia, akamwaga yangu. Kisha akafungua kichupa, akakiinamisha. Sikuona kitu kikianguka. Nilisikia tu, kidogo, kama samaki anavyogusa uso wa maji. Akaondoka bila kungoja.

Nilimfuata. Kwanza nilikuwa nikisikiliza hatua zake na hatua zangu, mimi nikijaribu kukanyaga alipokanyaga. Krak, krak. Kisha, tulipofika kwenye ua wa majirani, akina Cyr, nikasikia nyingine. Nyepesi zaidi, za haraka, hatua kama kumi hivi nyuma yangu, za mtu mwenye miguu mifupi anayejaribu kutuwahi. Nikasimama. Exilda alikuwa mbele, naye akasimama. Zile zikaja hatua mbili zaidi, kisha kimya. Tulikuwa watu wawili. Nimechambua viazi miaka thelathini na saba, kuhesabu hadi mbili naweza.

Nilitaka kugeuka. Shingo yenyewe ilitaka. Lakini mbele yangu Exilda alianza tena kutembea, mgongo umenyooka, na nikamfuata hadi mlangoni, na tulipoingia ndani alifunga komeo na kusema, "Umesikia kitu?"

"Baridi tu," nikasema.

"Mimi pia," akasema. "Basi amerudi kwake. Yamekwisha." Na akaenda kumpashia Mitaine uji.

Lakini Mitaine alikataa kula. Tuligawana saa. Exilda alimlisha mchana na jioni. Daktari wake mwenyewe humpa kidonge cha usingizi, akikinywa hata treni haimwamshi, kwa hiyo zamu ya saa kumi na moja alfajiri ilikuwa yangu, kabla sijaenda ghalani. Nilikuwa na ufunguo. Nilimfunga mnyama ndani ya taulo, nikamsukumia uji pembeni mwa mdomo, naye akauachia utoke upande wa pili. Kila siku Exilda alimpima kwenye mizani ya jikoni, na kila siku alikuwa mwepesi zaidi. Jumatatu jioni, Jumanne jioni. Hakuimba. Hakupiga mluzi. Alikaa tu, upande ule ulioshonwa umeuelekea ukuta.

"Niliahidi," Exilda aliniambia Jumanne, akimpangusa kidevu. "Kitu kimoja tu aliniomba maisha yake yote. Mashuka alijifulia mwenyewe, kodi alilipa nusu, hakuwahi kuniomba kitu. Hiki kimoja."

"Kesho ndiyo siku ya nne," nikasema. "Bado kuna kesho."

"Ukimkuta amekufa asubuhi, usiniamshe. Mfunge na umweke barazani. Nitamwona nikiwa nimevaa."

Jumatano gari langu lilizama kwenye tope. Msimu huo barabara yetu huwa uji, na mimi nilikuwa na haraka nikakata pembeni. Mume wangu alikuja na trekta, akanicheka, akafunga mnyororo, ukakatika, akaacha kucheka. Nilipofika juu ya kilima ilikuwa karibu saa moja na jua limetoka. Sikuwa na wasiwasi wa kazi. Nilikuwa nikifikiria sanduku gani la viatu lingefaa.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kama kawaida. Nilifungua. Buti zangu zilikuwa tope tupu, hivyo nikasimama pale kwenye mkeka, na nikiwa pale nikasikia kutafuna.

Mitaine alikuwa ameketi mbele ya rundo la nyasi, anavuta ujiti mmoja, anaukata, anavuta mwingine, taya linakwenda mbio kama cherehani. Kidevu kilikuwa na uji wa kijani uliokauka kidogo. Juu ya meza bakuli la uji lilikuwa limesafishwa na kufunikwa kifudifudi. Bomba la sindano lilikuwa limeoshwa, limelazwa juu ya taulo iliyokunjwa vizuri mara nne, pembe juu ya pembe, kama wanavyokunja hospitalini. Kiti cha kona ya jiko kilikuwa kimevutwa karibu na kizimba.

Mlango wa chumba cha kulala ukafunguka. Exilda alitoka na wavu wake kichwani, jicho moja bado limelala, akishika ukuta. Akasikia. Alisimama akasikiliza mpaka akaamini, kisha akaja akainama juu ya kizimba, na Mitaine akampigia mluzi, ule wa zamani, wa kudai.

"Anakula!" akasema. "Normande! Anakula mwenyewe!" Akageuka kwangu. Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hajali. "Sikukusikia ukiingia. Umemlisha saa ngapi?"

Nilikuwa na ufunguo mkononi. Koti halijafunguliwa kifungo. Alikuwa akinitazama mimi tu, si kiti, si taulo.

"Mapema," nikasema.

"Mungu akubariki, mwana wa Rosaire. Nitakuombea hadi nife."

"Niombee barabara," nikasema. "Kaa chini, nikutilie kahawa."

Nikavua buti. Nikapita kati yake na kile kiti, nikakirudisha ukutani kwa goti kama vile nilikuwa nikipita tu. Kisha nikachukua bomba lile kutoka kwenye taulo. Lilikuwa bado na uvuguvugu. Nikafungua bomba la maji, nikamgeuzia Exilda mgongo, nikaliosha tena, taratibu, kwa sabuni, mpaka mikono yangu ikalowa vya kutosha, kama ya mtu aliyetoka kumlisha.